Injini Niliyoomba Isiwake

Kila Jumapili baada ya misa, mume wangu alikuwa akibadilisha shati, anakunywa chai amesimama, kisha ananiambia, "Nesi, twende tukaijaribu." Na kila Jumapili nilimjibu kwamba chai hainywewi wima, ili tu nipate dakika chache zaidi za kuwa ndani ya nyumba. Nilikuwa naogopa. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaosimulia habari za mashine huanza na ujuzi wao, na mimi sina ujuzi wa kuanza nao. Nina woga, na woga wangu una sababu.

Tuliyokuwa tunakwenda kuijaribu ni ndege ya kuchezea. Neno hilo "kuchezea" lisikudanganye. Mabawa yake yalikuwa marefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha yote miwili, ya mbao nyepesi iliyovikwa plastiki nyekundu, na mbele ilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, yenye pistoni, kabureta na propela ya nailoni ngumu. Injini ikiwaka, propela huioni tena. Unaona duara la ukungu tu, na ukungu huo unakata.

Aliiacha padre mmoja mzee, mgeni, aliyemfundisha mume wangu kupiga kinanda tangu akiwa mtoto wa shule ya msingi. Uzee ulipomrudisha kwao, padre aligawa vitu vyake. Vitabu vilikwenda kwa makatekista, baiskeli kwa mpishi, na sanduku la ndege kwa mwanafunzi wake wa kinanda. Alikuwa akiirusha zamani, alipokuwa akifanya kazi pwani. Hapa kwetu haikuwahi kupanda juu hata urefu wa kuku. Watu wa Dar wakitutania kwa habari za uchawi husema Sumbawanga ndege haihitaji injini. Ya kwetu ilikuwa nayo, na injini ndiyo iliyokuwa na kiburi.

Leo inawaka, kesho haiwaki. Inawaka, inaunguruma kama nyuki waliochokozwa, halafu inakufa bila sababu. Ukiiacha ukaanza kukusanya vifaa uondoke, ukaigusa mara ya mwisho kwa kuiaga tu, inawaka. Mume wangu alisema hawezi kuirusha ndege yenye injini ya namna hiyo, maana ikizimika angani itaanguka juu ya bati la mtu, au juu ya mtu mwenyewe. Katika hilo tulikubaliana. Mengine yote tulibishana.

Kwa kazi yeye ni mwalimu wa hisabati, lakini mtaa wetu wote wa Malangali unamjua kwa kinanda. Kwaya ikiimba bila yeye, waumini huangaliana. Ana vidole virefu, vyembamba, na mkono wake wa kulia una namna ya kutua kwenye vitufe vya kinanda taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nilimpenda kwa mkono huo kabla sijampenda kwa mengine, na sioni aibu kusema. Sasa mkono huohuo ndio aliokuwa anautia kwenye propela.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya. Msimu wa mavuno tunaletewa vidole. Mkanda wa mashine ya kusaga huchukua, mnyororo wa pikipiki huchukua, panga huchukua. Najua kidole kinavyoonekana kidogo kikiwa peke yake kwenye beseni. Mwenyewe huwa anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine, kisha anauliza kama kinaweza kurudishwa. Swali hilo nimelijibu mara nyingi na sijazoea. Kwa hiyo mume wangu alipokuwa ananiambia, "Mbona mwoga hivi, nawe ni nesi?" nilimwambia ni kwa sababu mimi ni nesi. Mama yangu kule Mwimbi alikuwa na msemo wake wa kila siku, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilimtajia huo pia. Alicheka, akasema basi nimwachie yeye kilio, mimi nibaki na kicheko.

Namna ya kuiwasha ilikuwa hivi. Unajaza tangi mafuta, ambayo si petroli. Ni spiriti kali iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, yenye harufu inayobaki kwenye nguo hata baada ya kufua. Unabana waya wa betri ndogo kwenye plagi ili plagi ipate moto. Kisha unaipiga propela kwa kidole, kwa nguvu, na kuondoa kidole upesi kabla injini haijashika. Ikishashika, unapeleka mkono karibu kabisa na propela inayozunguka, unachomoa ule waya, maana kuanzia hapo plagi inajipasha yenyewe.

Nilimwambia atumie kipande cha fimbo kilichozungushiwa mpira wa tairi. Alikataa. Alisema fimbo haisikii. Kidole ndicho kinachosikia kama injini ina mafuta ya kutosha au imelewa, kama plagi imepata moto au imepoa. Aliniambia hivyo kwa sauti ileile anayotumia kuwaeleza wanakwaya kwa nini kinanda cha umeme hakiwezi kupigwa kwa viganja. Mtu akishaingiza imani kwenye jambo, huwezi kumtoa kwa hoja.

Mara ya kwanza ilimuuma mwanzoni kabisa. Injini ilipiga teke, yaani propela iligeuka kinyume badala ya kwenda mbele, ikamgonga kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ukucha uligeuka mweusi. Jumapili iliyofuata alipiga misa nzima na kidole kile, na mimi nilikaa benchi la tatu nikikihesabia kila nota. Baada ya hapo usingizi wangu wa Jumamosi ulikuwa mbovu. Na nilianza kuomba. Niliomba kanisani, nimepiga magoti kama watu wengine, kwamba injini isiwake. Sikuomba iharibike, kwa maana ingemvunja moyo. Niliomba iendelee tu kukataa, wiki baada ya wiki, mpaka achoke mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuishika. Uwanja wetu ulikuwa eneo la malisho nyuma ya nyumba za mwisho, pale mji unapoanza kugeuka mashamba. Mwezi wa saba upepo wa huku hauna huruma. Mahindi yalikuwa yamevunwa, nyasi zimekauka, na mashamba ya ulezi yalibaki na mabua mafupi. Mimi nilipiga goti nyuma ya mabawa, nikaishika ndege kiunoni kwa mikono miwili, na yeye alichuchumaa mbele, uso kwa uso na propela. Nilimwuliza kwa nini tusiifunge kwenye kigingi kama mbuzi. Akasema kamba inalegea na injini ikitetemeka kigingi kinang'oka, mikono ya mtu ni bora. Alisema, "Wewe ndiye kigingi changu." Nadhani alitaka nifurahi.

Watu walikuwa wanapita hapo wakitoka mashambani au wakienda kusalimia ndugu. Wengi walikuwa wakubwa wetu. Sasa kwetu Ufipa mkubwa akikufikia, salamu haiishii mdomoni. Unashuka chini, mwanamke hasa, na unakutanisha viganja, unapiga makofi ya taratibu, mazito, ukisema shikamoo yako, na yeye anajibu na kupiga yake. Nimezaliwa ndani ya makofi hayo. Nilianza kuyapiga kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na mpaka leo mikono yangu hukutana kabla akili haijaamua. Kwa hiyo wazee walipita, mimi nikaiachia ndege, nikawageukia, nikasalimia, nikarudi kuishika. Mume wangu naye alifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeona hatari, kwa sababu kila mara ndege ilikuwa imekaa kimya kwenye nyasi. Injini ile isiyowaka ilitufundisha uzembe, nasi tukadhani ni adabu.

Ugonjwa wake tuliutafuta kidogokidogo. Kwanza tulilaumu plagi. Aliitoa, akaiunganisha na betri, ikawaka nyekundu hafifu kama jicho la mgonjwa wa macho. Betri ilikuwa imechoka. Tukapata betri nyingine, na injini ikashika vizuri siku hiyo, halafu wiki iliyofuata ikakataa kabisa. Tukalaumu mafuta. Spiriti ile hunyonya unyevu ikiachwa wazi, na chupa ya padre ilikuwa na kifuniko kilichopasuka. Tukaagiza mapya, yakaja na basi yakiwa yamefungwa ndani ya ndoo ya nguo. Ikawaka, ikanguruma, nikafumba macho nikiwa nimeishika, na mtetemo wake ulinipanda mpaka kwenye meno. Kisha ikakohoa na kufa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Mume wangu alinitazama vibaya.

Halafu akagundua habari ya hewa. Alikuwa ameangalia video kwenye simu kwa siku kadhaa, akaja jikoni na furaha ya mtu aliyepata jibu la mtihani. Padre aliirekebisha injini akiwa pwani, alisema. Huku kwetu tuko juu sana, hewa nyepesi. Mafuta yanaingia kipimo kilekile cha pwani na hewa haitoshi kuyachoma, kwa hiyo injini inalewa. Kuna sindano pembeni ya kabureta unayoizungusha kupunguza mafuta. Akaipunguza, na kweli ikawa bora. Lakini bado haikuwa na msimamo. Ilipokuwa ya baridi ilikataa kabisa kuwaka kwa mwendo mdogo, kwa hiyo akazoea kuifungua nusu ya nguvu yake ndipo anaipiga kidole. Hilo lilinitisha kuliko mengine yote. Nilimwambia, "Mwalimu, siku ikiamua kuwaka, itawaka na nguvu zake zote." Akasema, "Ndiyo maana umeishika."

Siku nilipoona kiputo, nilikuwa sitafuti chochote. Nilikuwa nimepiga goti mahali pangu, nikijilazimisha kutazama kitu kingine badala ya vidole vyake, na macho yakaangukia kwenye mpira mwembamba unaotoa mafuta kwenye tangi kupeleka kwa kabureta. Ni mpira wa kuona ndani, kama wa dripu. Aliipiga propela, na ndani ya mpira kiputo kidogo cha hewa kikapita. Kisha kingine.

Mgonjwa akiwa na dripu na ukaona hewa kwenye mpira wake, husimami kufikiri. Unabana mpira, unatafuta inakoingilia. Ndivyo tulivyofundishwa, na mikono yetu inajua. "Simama," nilimwambia. "Kuna hewa kwenye laini." Nilifuata mpira kwa kidole mpaka pale unapopenya kwenye kibao kinachobeba injini. Kwenye ukingo wa tundu la kibao, mtetemo wa siku zote ulikuwa umeusugua mpira ukatoboka, tundu dogo la sindano. Ukiuinamisha hivi, tundu linajiziba na injini inawaka. Ukiuinamisha vile, linafunguka na injini inavuta hewa. Ndiyo maana ilikuwa na tabia ya mtoto aliyedeka.

Mume wangu alinikumbatia pale uwanjani, mchana kweupe. Alisema mimi ni fundi. Nilicheka naye, na nilikuwa nimefurahi kweli, kwa sababu ni vigumu mtu kuwa na furaha kiasi hicho mbele yako usiambukizwe. Ilikuwa njiani kurudi nyumbani ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilisimama. Akaniuliza kama nimechomwa na mwiba, nikamwambia hapana, twende.

Wiki ile alikata sehemu iliyotoboka, akaunganisha upya, akazungushia kibao kipande cha kitambaa ili kisisugue tena. Jumapili tukaenda. Upepo ulikuwa umetulia kuliko kawaida. Nilipiga goti, nikaishika. Alibana waya kwenye plagi, akafungua nusu ya nguvu kama alivyozoea, na akasema tutaanza kama siku zote, kupiga mara nyingi kwanza ili ipate moto. Sisi wote wawili, hata mimi mwoga, tulijiweka tayari kwa injini iliyokuwa ikitukatalia. Hatukujiweka tayari kwa injini iliyopona.

Baba mkwe wangu alikuwa ametoka kwake Mollo kwa baiskeli, amebeba mfuko wa ulezi. Alikuta nyumba imefungwa, jirani akamwelekeza tuliko. Sikumwona akija, maana alikuja kwa nyuma yangu, na nyasi zilimeza hatua zake. Nilisikia sauti yake juu ya bega langu, ya upole kama kawaida yake.

"Mwanangu, mpo huku?"

Mume wangu alikuwa amepiga kidole wakati huohuo. Injini ilishika kwa pigo la kwanza.

Nimejaribu mara nyingi kuweka mambo haya katika mfuatano wake. Nilisikia injini. Nilijua imewaka. Na nilijua ni baba mkwe wangu amesimama nyuma. Mambo hayo mawili niliyajua pamoja, na mikono yangu ikafuata lile ililolijua zamani zaidi. Niligeuka, nikashuka, nikakutanisha viganja. "Shikamoo, baba." Nilisikia makofi yangu mwenyewe chini ya mlio wa injini. Baada ya kofi la pili ndipo nilipohisi kwamba viganja vyangu vinagusana, na kwamba hakuna kitu kati yake.

Mume wangu alikuwa ameshapeleka mkono kuchomoa waya. Ndege ilimrukia. Sauti ya injini ilibadilika, ikawa nzito, ikapiga kitu mara nyingi kwa haraka, ikanyamaza. Hakupiga kelele. Alisema "aa" ya kawaida tu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Baba mkwe, ambaye kutoka pale aliposimama aliona mgongo wangu tu, alikuwa anapiga makofi yake. "Marahaba, mwanangu."

Nilipogeuka mkono ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kifundo, na hofu niliyokuwa nimeibeba miezi yote haikunisaidia kitu. Nilidhani mtu anayeogopa sana jambo hujizoeza nalo, na likija hulikuta tayari. Si kweli. Hata khanga yangu ilinishinda kufungua fundo. Baba mkwe ndiye aliyeifungua, bila kunitazama, akanipa. Niliuzungushia mkono wa mwanawe, nikaukandamiza, nikauinua juu ya kichwa chake. Sikuhesabu vidole. Mimi, ambaye nimewahesabia wengine mbele ya mama zao, sikuthubutu kuhesabu vya mume wangu.

Pikipiki ilitubeba mpaka hospitali, yeye katikati, mimi nyuma nimeushika mkono juu. Nilikuwa namwuliza kila mara, "Vipo?" Hakujibu. Baadaye aliniambia alidhani namwuliza habari ya vifaa tulivyoviacha uwanjani.

Vidole vilikuwepo. Cha shahada na cha kati vilikuwa vimekatwa kwa upande wa ndani, cha kati mpaka karibu na mfupa. Daktari alimchukua ndani, na mimi nikaambiwa nikae nje kama ndugu wa mgonjwa yeyote. Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, padre na sanduku lake, mwalimu na kidole chake kinachosikia, na mwishowe mikono yangu, niliyoiweka mapajani nikaitazama kwa chuki.

Baba mkwe alifika akiwa ameisukuma baiskeli. Alikaa benchi moja na mimi, jambo ambalo si la kawaida kwake.

"Ni mimi niliyekuja kwa nyuma," alisema.

"Hapana, baba. Ni mimi niliyeachia."

"Ningekohoa nikiwa mbali."

"Hukujua, baba."

"Na wewe usingeweza kunisikia ukakaa tu, umenipa mgongo."

Nilitaka kusema ningeweza. Tulikaa pale tukitafuta, yeye kwa upande wake na mimi kwa wangu, namna ambayo ningeweza kutomsalimia baba mkwe wangu, na hatukuipata. Alisogeza mfuko wa ulezi, aliokuwa bado ameubeba, akauweka kati yetu. Alisema alikuwa ametuletea wa uji. Nikalia hapo.

Wiki zile za kidonda nilimfunga mimi mwenyewe, nyumbani, asubuhi na jioni. Hofu yangu sasa ilikuwa ya kano, ile kamba ya ndani inayokunja kidole. Ngozi hushonwa, lakini kano ikikatika kidole hubaki kimenyooka kama kijiti, na mpiga kinanda mwenye kidole cha namna hiyo ni mwalimu wa hisabati tu. Yeye alikuwa mtulivu, akinitania kwamba namsafisha kana kwamba ni kikombe cha altare. Utulivu wake ndio nilioshikilia. Nyuzi zilipotolewa, daktari alimwambia akunje. Cha shahada kilikunjika. Cha kati kilisita, mimi nikaangalia dirishani, na niliposikia daktari akisema "vizuri" nikarudisha macho. Kilikuwa kimekunjika.

Nilidhani tumemaliza. Nyumbani niliweka uji wa ulezi, nikamwita baba mkwe, tukashukuru. Alifanya mazoezi kwenye kinanda kidogo cha sebuleni, polepole, mkono mmojammoja, na nikiwa jikoni nilisikia nyimbo zikirudi. Hakugusa sanduku la ndege. Lipo chini ya kitanda mpaka leo, na sitaki lifunguliwe, kwa sababu naamini injini ile ingewaka kwa pigo la kwanza.

Jumapili aliyorudi kanisani, kanisa lilijaa. Nilikaa benchi langu la tatu. Mwalimu wa kwaya alimpa ishara ya wimbo wa kuingilia, mapadre wamesimama mlangoni. Mume wangu aliinua mikono yote miwili juu ya kinanda. Wa kushoto ulishuka. Wa kulia ulibaki juu. Nilisubiri. Watu wakakohoa. Nilimwona akiutazama mkono wake, na nilimwona usoni kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, si siku ya ukucha mweusi, si uwanjani, si kwenye pikipiki. Alikuwa anaogopa. Vidole vilikuwa vizima, vyote, na alikuwa anaogopa kuvishusha.

Miezi yote niliyoogopa, sikujua kwamba niliweza kuogopa vile kwa sababu yeye hakuogopa. Nilikuwa nimeegemea ujasiri wake huku nikiutukana. Sasa haukuwepo, na nilihisi kama benchi limeondolewa chini yangu. Aligeuza kichwa, akatafuta benchi la tatu, akaniona. Sikujua la kufanya. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejua kwamba hakutatokea kitu. Mkono ukashuka.

Anapiga kila Jumapili, na waumini wanasema amerudi kama zamani. Hawaoni kwamba kabla ya kila wimbo anatazama kwanza kwenye benchi letu. Mimi huitikia kwa kichwa. Kisha akishageuka, nafumba macho mpaka nisikie sauti ya kwanza.